KABLA YA MABAUNSA NA MACHAWA KULIKUWA NA RUGARUGA: Vijana wa Tabora walioitikisa njia ya misafara halafu wakasahaulika

Najua mmezoea mkiingia hapa mnakuta fumbo: staa fulani, mji fulani, gari la rangi fulani, jina kapuni, halafu mnabaki kubishana ni nani. Leo pia nina fumbo, ila mhusika alishakufa zamani, kwa hiyo hawezi kunipigia simu saa nane usiku kunitishia.

Haya, bahatisheni. Alizaliwa karibu mwaka 1840 magharibi ya Tabora. Jina la kuzaliwa lilikuwa jingine kabisa, hili tunalolijua ni jina la vitani na maana yake ni maiti, tena nyingi. Alikuwa na jeshi la vijana wadogo ambao wazee waliwaogopa. Aliuchoma mji wa matajiri mchana kweupe. Mzungu mmoja maarufu alipigana naye, miaka mitano baadaye wakachanjiana damu wakawa ndugu. Leo ana mtaa wake pale Posta Dar es Salaam, na wilaya nzima ya Urambo imebeba jina lake.

Najua wanaotoka kwetu washasema: Mtemi Mirambo! Sawa kabisa. Lakini huyo sio fumbo langu. Fumbo langu ni wale vijana waliokuwa nyuma yake. Yeye jina lipo kwenye kibao cha mtaa, wao majina yao hayapo popote. Wote wanaitwa jina moja tu: rugaruga.

Mimi hilo neno nililisikia kwa bibi kabla sijalisoma kwenye kitabu. Tukirudi jioni tumechafuka, nguo zimechanika, anatuuliza, "Nyie rugaruga mmetoka kumpiga nani?" Tulikuwa tunacheka. Nimekuja kusoma mwenyewe baadaye, baada ya kumaliza kidato cha nne na kukosa cha kufanya, ndio nikajua bibi alikuwa anatutania kwa neno zito.

Na kuna mshikaji wangu mmoja, jina kapuni, aliwahi kuwa baunsa wa jamaa mwenye pesa hapa mjini. Nilipomsimulia habari ya Mirambo hakuniuliza habari za vita. Aliuliza kitu kimoja tu: "Sasa hao madogo walilipwaje?" Hilo swali ndio limezaa hii makala. Twende nalo.

MTEMI ALIKUWA MTU WA MVUA

Kabla ya bunduki, Unyamwezi haikuwa nchi moja. Ilikuwa himaya ndogondogo nyingi, kila moja na mtemi wake. Mtemi alikuwa mkuu wa ibada kuliko mkuu wa vita. Kazi yake ilikuwa mvua inyeshe, mazao yakubali, ardhi iwe salama. Afya yake na afya ya nchi vilihesabiwa kitu kimoja, mtemi akiugua watu wanaanza kuwaza mavuno.

Pembeni yake kulikuwa na wazee na wasaidizi walioitwa wanyampara. Ndiyo, neno hilohilo unalolisikia leo kwenye magereza na kwenye vibarua vya ujenzi. Wakuu wa misafara nao waliitwa hivyohivyo. Mtemi hakuwa na jeshi la kudumu. Ikitokea vita, wanaume wanaacha majembe, wanachukua mikuki na pinde, wakimaliza wanarudi shambani.

Sasa shika jambo moja, maana litarudi mbele. Unyamwezi ardhi ilikuwa nyingi na watu wachache. Mtemi akiwa mkorofi, watu wanahama na kufyeka pori kwingine. Kwa hiyo ukubwa wa mtu haukuwa wingi wa mashamba, ulikuwa wingi wa watu wanaomfuata. Ukipoteza watu umepoteza kila kitu.

NJIA ILIPOLETA PESA

Wanyamwezi walikuwa wanatembea kwenda pwani hata kabla Waarabu hawajaweka makazi bara. Pembe za ndovu mabegani, wanarudi na vitambaa, shanga na nyaya za shaba. Kijana ambaye hajafika pwani alionekana bado mtoto. Na usidhani ni safari ya basi la usiku. Ni zaidi ya kilometa 800 kwa mguu. Burton na Speke walitoka pwani Juni 1857, wakafika Kazeh, ambayo ndiyo Tabora, mwezi Novemba.

Kazeh ilikua kuanzia miaka ya 1850, wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walipojenga tembe zao ndani ya himaya ya Unyanyembe. Pale njia iligawanyika: magharibi kwenda Ujiji na Ziwa Tanganyika, kaskazini kwenda Karagwe na Buganda. Mwenye kukaa pale aliona utajiri wote wa bara unapita mlangoni kwake. Pembe zinapita, vitambaa vinapita, bunduki zinapita, na watu waliofungwa minyororo wanapita pia. Hilo la mwisho tusilifiche, maana Tabora ilinenepa kwa biashara hiyo.

Watemi nao walitaka chao. Msafara ukipita kwa mtemi unalipa hongo. Siku hizi tukisema hongo tunamaanisha rushwa, lakini zamani ilikuwa ushuru halali wa njia. Neno limeporomoka cheo, na sitawataja waliolishusha, mnawajua.

Sasa ona mzunguko ulivyokuwa. Mwenye kupata pembe ananunua bunduki, mwenye bunduki anapata pembe na mateka zaidi, na hivyo vinaleta bunduki zaidi. Mtemi wa mvua hana nafasi kwenye mzunguko huo kama hana vijana wenye bunduki. Ugomvi ukaanzia hapo.

Mtemi Fundikira wa Unyanyembe alikufa mwaka 1858. Akafuata Mnywa Sere, ambaye alitaka kuwatoza kodi wafanyabiashara wa Tabora. Wale hawakukubali. Walitumia silaha zao kumtoa na kumweka Mkasiwa waliyeelewana naye. Mnywa Sere akaingia porini, akapigana vita vya kuviziana miaka kadhaa, akikatakata njia, mpaka akakamatwa na kuuawa mwaka 1865. Hebu fikiria somo ambalo kila mtu wa Unyamwezi alilipata: mtemi halali, wa ukoo halali, ametolewa kwenye kiti kwa sababu ya bunduki. Ibada hazikumwokoa.

Kijana mmoja wa Uyowa alilielewa somo hilo kuliko wote.

VIJANA WASIO NA KWAO

Mirambo alishika utemi mdogo wa Uyowa karibu mwaka 1860, akiwa bado kijana wa miaka ishirini hivi. Himaya ndogo kabisa. Lakini jirani zake kaskazini walikuwa Wangoni, kwetu wakiitwa Watuta, waliotembea kutoka kusini mwa Afrika. Wangoni walikuwa na utaratibu wa kuteka vijana na kuwapanga kwenye vikosi kwa umri, mpaka mateka anageuka kuwa askari wao. Mirambo aliona, akajifunza, na baadhi yao akapatana nao wapigane pamoja.

Kisha akakusanya watu wake. Na hapa ndipo wanapoingia wasio na majina. Rugaruga walikuwa nani? Mateka wa vita. Watumwa waliotoroka. Wapagazi walioacha mizigo njiani kwa kuchoka au kutolipwa. Yatima ambao kijiji chao kimechomwa, wakati mwingine na walewale watakaowachukua. Wengi hawajaoa, hawana shamba, hawana mzee wa kuwaambia basi inatosha.

Stanley aliandika kwamba Mirambo alimweleza wazi kuwa vitani anapendelea vijana, kwa sababu mwanaume mwenye mke na watoto anawaza nyumbani. Soma hiyo sentensi mara mbili. Kukosa kwao ndio ilikuwa sifa yao ya kazi.

Na walikuwa na mwonekano wao. Vitambaa vyekundu, manyoya kichwani, bangili, na wengine shanga za meno ya binadamu. Bangi ilivutwa. Walikuja alfajiri, mbio, kwa kelele, kabla kijiji hakijaamka. Lengo la mavazi lilikuwa ushindi upatikane kabla risasi haijatoka. Nyie mnaosema mambo ya kutisha watu kwa mwonekano yameanza na mitandao, poleni.

Lakini wadau, tusiwapambe sana. Upande wa pili wa hiyo alfajiri kuna mama na watoto. Watu walianza kuacha vijiji vilivyotawanyika wakajibana ndani ya vijiji vikubwa vyenye uzio wa miti. Mashamba ya mbali hayakulimika. Mateka wengi waliishia kwenye minyororo kuelekea pwani. Kijana aliyeuziwa dada yake jana, kesho alikuwa anamuuza dada wa mwingine.

1871: TABORA INAWAKA MOTO

Mwaka 1871 Mirambo aliziba njia ya Ujiji. Alitaka misafara imlipe yeye, na alikuwa na ugomvi na wakubwa wa Tabora. Wafanyabiashara wakakusanya jeshi. Stanley naye alikuwa pale, yuko njiani kumtafuta Livingstone, akajiunga nao akiamini ni kazi ya siku chache.

Ilikuwa aibu. Mwanzoni waliteka boma, wakachukua pembe na mateka, wakawa wanarudi wameshiba ushindi. Mirambo na vijana wake walikuwa wamelala kwenye nyasi pembeni ya njia. Wakawashukia. Jeshi lote likatawanyika kukimbilia Tabora, Stanley akiwemo. Mwezi huohuo wa Agosti rugaruga waliingia Tabora yenyewe, wakachoma sehemu ya mji na kumuua Khamis bin Abdullah, mmoja wa wakubwa wa pale. Stanley ikabidi azunguke mbali kwa kusini ndipo afike Ujiji. Yaani ule mkutano wake na Livingstone unaosomwa dunia nzima ulicheleweshwa na vijana wa kwetu.

Vita viliendelea mpaka katikati ya miaka ya 1870. Bei ya pembe, mishahara ya wapagazi, kila kitu kiliyumba mpaka Zanzibar. Mwishowe ikabidi wapatane naye. Aprili 1876 Stanley alikutana na Mirambo akachanjiana naye damu. Alikuwa ameshamfananisha na Napoleon Bonaparte, halafu akashangaa kukuta mtu mpole, mtulivu, anayeongea taratibu. Wahuni wa kweli ndivyo walivyo, wadau.

WENZETU WA JAPANI

Wapenzi wa filamu za samurai, hapa ni penu. Neno samurai asili yake ni kutumikia. Na wao walianza kama watu wa kutumwa.

Zamani Japani mfalme na mabwana wakubwa walikaa Kyoto wakiishi kwa mashairi na sherehe, huku mapato yao yakitoka kwenye mashamba ya mpunga mikoani. Kule mikoani waliweka watu wa kulinda na kusimamia. Watu hao wakashika farasi, pinde na panga, wakajua kupigana, na taratibu wakatambua kwamba bwana wa Kyoto bila wao hana kitu. Mwaka 1185 Minamoto no Yoritomo alishinda vita vikubwa vya koo, akaweka makao yake Kamakura, na mwaka 1192 akapewa cheo cha shogun. Mfalme alibaki na heshima za ibada, nguvu zikahamia kwa wenye panga.

Unaona kufanana? Mfalme wa ibada pembeni, mwenye silaha mbele. Kama mtemi wa mvua na Mirambo. Hiki ndicho tulichokariri shuleni kwa jina la ukabaila, tukaandika kwenye mtihani tukasahau.

Lakini tofauti ndiyo inayonikosesha usingizi. Utawala wa wapiganaji Japani ulianza 1192 na ukafutwa 1868. Karibu miaka 700! Utawala wa Mirambo haukufika hata 30. Kwa nini?

Rudi kwenye lile swali la mshikaji wangu: walilipwaje?

Yoritomo aliwalipa watu wake kwa haki juu ya ardhi. Aliwateua kuwa wasimamizi wa mashamba, wakawa na fungu la mavuno linalotambulika, lenye maandishi, na mara nyingi mtoto alilirithi. Shamba la mpunga halitembei. Bosi akifa, wewe bado una shamba, na mtoto wa bosi bado anakuhitaji. Sisemi ilikuwa pepo, maana mkulima wa chini alikamuliwa vizazi na vizazi, na wao kwa wao walichinjana zaidi ya miaka mia. Ila mpiganaji alikuwa na kitu mkononi.

Rugaruga alilipwa ngawira. Kitambaa, bunduki, ng'ombe, mateka, chakula cha leo. Utajiri wa Unyamwezi ulikuwa unapita njiani, haukukaa shambani. Ukiacha kuteka kesho huna kitu. Mirambo alipoishinda himaya, mara nyingi alimuua mtemi na kuweka ndugu wa ukoo uleule atakayekuwa mtiifu, kisha anadai pembe na vijana wa vita. Rugaruga aliyepigana hapo hakupata nchi ile, alipata sehemu ya mzigo na safari ya vita vingine.

BOSI AKIFA

Mirambo alikufa tarehe 2 Desemba 1884, kwa ugonjwa. Ndugu yake Mpandashalo akashika nafasi, lakini himaya ikaanza kumeguka mara moja. Watemi waliokuwa wamelala wakaamka. Mpandashalo naye alikufa 1890, na Urambo ikarudi kuwa himaya ya kawaida.

Sasa linganisha na mtu mwingine wa kwetu ambaye hazungumzwi sana: Nyungu ya Mawe. Huyu alitoka ukoo wa watemi wa Unyanyembe, akakosa utemi, akaenda kusini Ukimbu na rugaruga wake katika miaka ya 1870. Jina lake maana yake ni chungu cha mawe, chungu kisichovunjika. Na alikuwa katili vilevile, usidanganyike. Ila alifanya kitu tofauti: nchi alizoziteka aliweka watu wake kuwa watawala, kila mmoja na eneo lake, pembe zinakuja kwake kwa utaratibu. Alikufa Desemba 1884, mwezi uleule na Mirambo! Aliyemrithi ni mwanamke, Mgalula, na himaya ikaendelea kusimama mpaka Wajerumani walipokuja kuivunja.

Vijana walewale, bunduki zilezile, mwezi uleule wa msiba. Mmoja aliacha jina, mwingine aliacha utaratibu. Jina likapewa mtaa Posta. Utaratibu ndio uliowabeba watu siku baada ya mazishi.

Na rugaruga wenyewe walienda wapi? Wengine walirudi kulima. Wengine walitafuta bosi mpya. Mwaka 1893 Wajerumani walivamia boma la Isike, mtemi wa Unyanyembe, pale Tabora, na Isike akawasha baruti akajilipua asikamatwe mzima. Mkoloni akashika nchi, naye akahitaji vijana wa kumsaidia kupigana kwa bei rahisi. Akawakodi, na jina likabaki lilelile: rugaruga. Walitumika kwenye vita vya Majimaji, walitumika tena Vita vya Kwanza vya Dunia. Vijana wa kazi ileile, bosi tu amebadilika.

Kitu kimoja cha kushangaza nimalizie nacho historia. Machi 1876 serikali ya Japani ilipiga marufuku samurai kutembea na panga hadharani, na ilikuwa inawamalizia malipo yao. Mwezi uliofuata Mirambo anachanjiana damu na Stanley. Kule wapiganaji wanavuliwa panga, huku ndio kwanza wako kileleni. Samurai waliposhushwa walipewa hati za malipo, na kuna waliolalamika ni kidogo mpaka wakaasi. Rugaruga hakuna aliyewaandikia hata karatasi.

TURUDI KITAANI

Mshikaji wangu alikaa na yule tajiri karibu miaka miwili. Alikuwa anapanda gari la nyuma, miwani meusi, anasukuma watu mlangoni. Malipo yake: chakula, nguo za sare, na "shika hii ya soda" ya elfu kumi au ishirini kutegemea bosi kaamkaje. Hakuna mkataba. Usiku mmoja akaumia mkono kwenye fujo getini. Kesho yake simu ya bosi haipatikani. Wiki iliyofuata kasimama mwingine mlangoni, miwani ileile.

Leo anaendesha bodaboda, kidole kimoja hakikunji. Nilipommalizia hii stori yote alinyamaza, halafu akasema, "Kumbe mimi nilikuwa rugaruga." Nikamwambia ndiyo, tena bora wewe una jina, ila nimelificha.

Sio mabaunsa tu. Kuna machawa wanaoshinda kumsifia mtu mtandaoni kwa ahadi. Kuna vijana wanaovalishwa fulana msimu wa kampeni wakapige kelele na kutishia wenzao. Wote hao nguvu wanazo, na wakati mwingine bosi bila wao si chochote. Kama Mirambo asingekuwa na vijana, angebaki mtemi mdogo wa Uyowa asiyejulikana na mtu. Wao ndio walimfanya. Hawakuuliza swali la mshikaji wangu mapema.

Kwa hiyo kabla hujapanda gari la nyuma, uliza: nalipwaje, na bosi akifa nabaki na nini? Kama jibu ni chakula cha leo na sifa, ushajua wewe ni nani kwenye hii hadithi.

Haya, uwanja ni wenu. Wa Urambo, Sikonge, Nzega, Kaliua, babu na bibi zenu walisema nini kuhusu rugaruga? Dondosheni hapo chini. Na anayejua huyo tajiri ni nani, tafadhali, leo jina libaki kapuni.